Kilima Kitupu

Wiki iliyopita tulimzika Mzee Anastazi. Tulipotoka makaburini tulirudi nyumbani kwake Kagarama kunawa mikono na kukaa na wafiwa, kama ilivyo desturi, nikajikuta barazani kwenye kiti cha plastiki, Fanta ya vuguvugu mkononi, nikiwasikiliza wanaume wawili nisiowajua wakimsifu marehemu. Mmoja alisema mzee alikuwa mwalimu wa jiografia. Mwenzake akajibu kwamba somo hilo alilipenda sana shuleni, mpaka leo anakumbuka miji mikuu yote ya Afrika, akaanza kuitaja. Mimi nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua, na nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie kwamba kutaja miji mikuu si jiografia kama vile kutaja majina ya wagonjwa si udaktari. James, aliyeketi kando yangu, akanigusa goti ninyamaze. Yeye na mimi tumezeeka sasa, na macho yake yameingia ukungu, kiasi kwamba huwatambua watu kwa sauti. Upande wake wa pili aliketi Vestina, profesa mzima, amevaa mshanana wa zambarau, lile vazi la heshima la wanawake wa kwetu linalofungwa begani, na hakuwa anamsikiliza mtu yeyote. Alikuwa anatazama ng'ambo ya bonde, upande wa kusini, kwenye kilima kimoja kati ya vilima vingi. Nilijua ni kipi bila kugeuza shingo.

Watu wakiniuliza nilisomea wapi jiografia, nawatajia chuo nilichosoma Tanzania, maana ndivyo cheti kinavyosema. Ukweli ni kwamba niliisomea katika chumba cha kulia cha nyumba moja huko Niboye, miezi ya mwisho ya mwaka 1994, kutoka kwa watu watatu walioshindwa kukubaliana hata juu ya maana ya neno lenyewe. Nilifika Kigali nikiwa na shahada mpya na koti la mvua la kuazima. Kwa nini wazazi wetu walikuwa nje ya nchi, na tulirudi kwa njia gani, sitaeleza hapa. Nina mengine ya kusema, na hayo yana wasemaji wengi. Itoshe kwamba mauaji ya kimbari yalikuwa yamekoma miezi michache tu kabla, na kwamba mji ulikuwa na nyumba nyingi zisizo na watu na watu wengi wasio na nyumba. Sisi waalimu tulipewa ile ya Niboye. Ilikuwa nyumba ya watu, na hatukuwahi kujua ni akina nani, wala kama walikufa au walikimbia. Jikoni tulikuta sufuria kubwa yenye maharage yaliyokaukia chini mpaka yakawa kama changarawe. Niliisugua kwa majivu na mchanga mpaka vidole vikachubuka, kwa sababu hatukuwa na sufuria nyingine, na tangu siku hiyo tulipikia humo kila siku. Siku za kwanza nilikuwa nikimeza kila tonge kwa shida.

Kazi yetu ilikuwa kuandika mpango wa somo la jiografia, ili vijana waliokatizwa masomo ya juu waweze kuendelea. Mwenye umri mkubwa kati yetu alikuwa Mzee Anastazi, aliyekulia Bujumbura na kufundisha huko kwa Kifaransa maisha yake yote. Mtu mwembamba, Mkatoliki wa kila asubuhi, mwenye tai moja ya kahawia ambayo aliivaa hata siku tulizokuwa tukichota maji kwa madumu. James alitoka Kampala, amesoma kwa Kiingereza, ana kikokotoo cha kutumia mwanga wa jua ambacho hakumwazima mtu. Mimi nilikuwa Dafroza wa Mwanza, nikiitwa Mutanzania ndani ya nyumba, na kazi yangu ya kwanza, ambayo hakuna aliyenieleza ila nilikuta nimeshaifanya, ilikuwa kuwapa lugha. Kinyarwanda tulikuwa nacho sote, lakini kilikuwa cha jikoni na cha kuamkiana. Tulipofika kwenye mambo ya shule, Mzee alikimbilia Kifaransa na James Kiingereza, kila mmoja akamwona mwenzake kama anamficha kitu. Mimi nilikuwa nimesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Nilijua kontua, dira, ufunguo wa ramani ule unaoeleza kila alama ni nini, na wiani wa watu. Basi meza ile ikawa ya Kiswahili, kila mtu na cha kwake, na mimi katikati nikisawazisha.

Tuligombana kuhusu chakula kwanza, kisha kuhusu jiografia, na sikuona tofauti kubwa. Mzee alitaka mafuta ya mawese kwenye maharage, James alitaka mchuzi wa karanga juu ya kila kitu, mimi nilililia ugali mgumu kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Mzee aliamini kwamba mwanajiografia anatembea, anatazama, halafu anachora. "Iko peizaji," alikuwa akisema, akimaanisha sura ya nchi jinsi inavyomjia mtazamaji, "na ndani ya peizaji iko watu. Weye, mbere ya kusema, angaria." Alikuwa na desturi ya kumweka mwanafunzi mbele ya kilima na kumkataza kusema wala kushika kalamu kwa muda wa rozari moja, ambayo yeye mwenyewe aliisali kimoyomoyo kando yake, na ikiisha ndipo aulize, "Unaona nini?" James alikuwa akicheka mpaka anapaliwa. "Muzee, hiyo ni picha ya kuweka kwa ukuta," alimwambia. "Sayansi inataka namba. Nipe watu wangapi, soko iko mbali namna gani, mimi nitakwambia mutu ataenda wapi hata sijamwona." Alichora miduara na pembe sita juu ya karatasi, miji ikakaa mahali pake kwa utiifu ambao sijapata kuuona katika mji wowote. Nami nilikuwa na maneno yangu makubwa niliyotoka nayo chuoni. Nilitaka kujua reli ilijengwa na nani na kwa faida ya nani, kahawa inakwenda wapi, na kwa nini ramani za nchi zetu zilichorwa kwanza na watu waliotaka kuzitawala. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilikuwa na jibu la kila kitu.

Siku moja, tukila isombe, yaani kisamvu, Mzee alitusimulia jinsi yeye mwenyewe alivyofundishwa akiwa mdogo. Mwalimu wake alisema hali ya hewa ndiyo inayofanya akili ya mtu: wa baridi mchapakazi, wa joto msinziaji. "Miye nilikuwa nasikia joto kweli," alisema, "na nilikuwa wa kwanza kwa darasa. Nikasema moyoni, sasa hii somo inasema uongo, au miye ndiye niko uongo?" Baadaye alikutana na walimu waliolikana fundisho hilo, waliosema nenda ukakae kwenye nchi moja ndogo, uijue toka udongo mpaka soko, ndipo useme. Hao ndio waliomfanya alivyo. Halafu wakaja akina James na hesabu zao wakawaambia hao kwamba wamechora tu, hawakuthibitisha. Halafu tukaja sisi tukawaambia akina James kwamba wamehesabu bila kuuliza nani ananyonywa. Kila kizazi cha wanajiografia, kumbe, huanza kwa kukiambia kilichotangulia: hamkuona. Mzee alipomaliza alijipakulia mawese zaidi, akasema anasubiri kwa hamu watakaokuja kutuambia sisi.

Vestina alikuja katikati ya mvua za mwezi wa kumi, amebeba bomba la plastiki la kutilia ramani. Alikuwa wa rika langu, mrefu, mwenye sauti ndogo. Alikuwa amesoma jiografia hapahapa nchini na alibakiza kitu kimoja tu, kuitetea tasnifu yake mbele ya waalimu, lakini hapakuwa na mwalimu hata mmoja aliyebaki wa kumsikiliza. Kiswahili chake alikipata Nyamirambo alikopanga chumba wakati wa masomo, kwa Waislamu wa mtaani. "Nimesikia hapa kuna waalimu wa jiografia," alisema mlangoni. "Miye nataka munisikilize, basi." Tasnifu ilihusu kilima cha kwao. Kwa miezi mingi, kabla ya vita kuufikia mji, alikuwa amepita rugo kwa rugo, maana hapa kwetu hakuna vijiji vya kubanana, kila familia ina ua wake juu ya mlima, na kwa kila ua akaweka nukta nyeusi kwenye ramani aliyoichora kwa mkono. Tuliitandaza juu ya meza ya kulia, tukaiwekea vikombe pembeni isijikunje. Mzee aliinama juu yake muda mrefu. "Hii ni kazi safi sana," alisema. "Nimefundisha miaka yote, sijaona safi kama hii." James naye aliisifu, lakini alisema ni ya zamani, lazima twende tukaangalie upya, na Vestina alikubali kwa kichwa.

James alikuwa na sababu yake ya kutaka kwenda. Ofisi moja ilikuwa imempa kibarua cha kutafuta ardhi tupu karibu na mji, ambapo waliorudi kutoka nje wangeweza kujenga. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki asomwe hivyo. Mama yake, Mukecuru, kama tulivyomwita sote kwa heshima ya umri wake, alikuwa akilala na wajukuu kwenye stoo ya duka lililovunjwa huko Remera, karibu na uwanja wa mpira, na mvua ikinyesha walikunja magodoro wakasimama mpaka iishe. James alimleta kila Jumapili kula nasi Niboye, na nilimwona akigeuka ukutani mama yake alipojaribu kukausha blanketi kwenye uzio wetu. Kilima ambacho ofisi ingekiona kimeandikwa kitupu kingegawiwa. Na kama kitupu kingekuwa hicho cha kwao Vestina, basi kingegawiwa hicho. Hayo tuliyajua sote tulipopanda pikapu ya kuazima asubuhi ile, naye Vestina aliyajua.

Hatukukipanda. Tulifuata desturi ya Mzee, tukaketi kwenye mteremko unaokielekea, bonde likiwa katikati, tukanyamaza rozari nzima. Vestina alikaa amekipa mgongo kilima, akisema yeye ameshakichora vya kutosha. Kisha kila mmoja akafanya alichosomea. Mzee alichora. James alitoa darubini akahesabu paa, na haikumchukua muda, kwani paa zilikuwa shule na nyumba chache chini kando ya barabara. Mimi niliandika kuhusu kahawa iliyoachwa bila kuvunwa na barabara iliyokwenda moja kwa moja mpaka kanisani bila kupita sokoni, nikajiona nimesema neno. Migomba niliiona pia. Ilikuwa imesimama vichakavichaka, imetawanyika juu ya mteremko wote ndani ya majani marefu, na nikaandika "mashamba madogo ya ndizi, hayatunzwi". Mimi mtu wa Mwanza, nchi ya pamba na mawe, ndizi niliijua ikiwa sokoni. James aliijua kwa mashamba makubwa ya Kampala na kandokando yake. Alisoma karatasi yake kwa sauti: kilima kitupu, maji karibu, barabara karibu, kinafaa kwa makazi.

Vestina akageuka. Hakuichukua karatasi ya James, alichukua mchoro wa Mzee kutoka magotini kwake, ambamo kila kichaka cha migomba kilikaa mahali pake haswa. "Hii migomba, muzee, uliiona?" aliuliza. Mzee alijibu kwamba aliiona. "Na ulijua ni nini?" Mzee alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nilijua, mwanangu. Niliogopa kusema mbere yako." Ndipo Vestina alipotueleza sisi wawili wengine, kwa upole, kama anayefundisha darasa la kwanza, kwamba hapa mtu hupanda migomba nyuma ya nyumba, mahali anapotupa majivu na maganda, ikala humo ikanenepa. Nyumba za udongo zikivunjwa na milango na vigae vikichukuliwa, mvua moja tu inatosha kuzirudisha ardhini, lakini migomba hubaki. Aliweka kidole kwenye mchoro. "Hapa ni kwa Mama Furaha, alikuwa anauza mafuta ya taa. Hapa ni kwa Sitefano, fundi wa baiskeli. Hapa mwalimu wangu wa kwanza, alikuwa na kinanda. Hii kubwa, karibu na muparachichi, ni kwetu." Hakuna aliyemuuliza walipo. Mwaka ule watu hawakuulizana hivyo.

Ugomvi ulianza tuliporudi mezani. Ulikuwa ugomvi wa kwanza wa jiografia ambao haukuwa na utani ndani yake. "Vestina, pole sana, mimi nasema kwa moyo," James alisema, "lakini ramani ni ya leo. Leo pale hakuna nyumba. Nikiandika iko nyumba, mimi ni mwongo."

"Na ukiandika hakuna, weye ni nani?" Vestina alimuuliza.

"Mimi ni mutu ana mama analala kwa stoo!" James alipiga meza, vikombe vikaruka, kisha akaomba radhi kwa kila mmoja wetu kwa jina. Nilimchukia na kumhurumia kwa wakati mmoja. Maneno yangu yote ya chuoni yalinikimbia. Yalikuwa na tabaka na pembezoni na mtaji, hayakuwa na Mama Furaha. Namba za James zilikuwa zimehesabu kwa usahihi kabisa na kupata karibu na sifuri. Na Mzee, aliyefundisha kuona maisha yake yote, alikaa akivuavua miwani. "Somo langu ni la macho," alisema, "na macho imefika mwisho wake." Tulikuwa na jiografia tatu ndani ya nyumba, na hakuna hata moja iliyokuwa na mahali pa kuiweka rugo ya Vestina. Yeye alikunja ramani yake taratibu, akasema atarudi Jumapili kuitetea, tukitaka tusitake.

Jumapili ile alifika mapema, tukawa mezani mimi na yeye tukichambua maharage. Mukecuru alikuwa jikoni akimenya viazi, na James alikuwa amekwenda kumpa habari. Mlango ulikuwa wazi. Walizungumza Kinyarwanda, naye James sauti yake ilikuwa ya furaha ya kujilazimisha. Alimwambia mama kwamba wamepata kilima, kizuri, hakina watu, mto uko chini yake, kabla ya mvua nyingine atakuwa na mlango wake mwenyewe. Mukecuru alimshukuru Mungu. Kisha akauliza udongo wake ukoje, na kama kuna miti. James akasema kuna maparachichi, na migomba mingi tu, imejiotea. Tulisikia kisu kinasimama.

"Mgomba haujiotei, mwanangu," Mukecuru alisema. "Imepandwa na nani?" Kisha akauliza tena, polepole. "Sisi tulipokimbia na wewe ukiwa mgongoni, tuliacha migomba nyuma ya nyumba. Waliokuja kupima kwetu waliandika nini?" Vestina aliacha mkono wake ndani ya ungo. Sikuthubutu kumtazama. Kisu kilianza tena kumenya, na James alitoka kwa mlango wa nyuma akakaa uani peke yake mpaka tulipomwita.

Utetezi ulifanyika baada ya chakula. Mzee alivaa tai yake. Tulifuta meza, tukakaa upande mmoja sisi watatu kama waalimu wa kweli, na Mukecuru akavuta kiti chake mpaka kwenye mlango wa jikoni, bila kualikwa, bila kukatazwa. Vestina alitandaza ramani. Alikuwa ameichora upya wiki ile. Zile nukta nyeusi zilikuwepo bado, chache, kando ya barabara. Mlima mzima uliobaki ulikuwa umejaa viduara vidogo vyenye uwazi katikati, kila kimoja mahali ambapo nukta ilikuwa. Alisema vizuri, kwa muda mrefu, juu ya udongo na miteremko na jinsi watu walivyokuwa wakienda sokoni, na alipofika kwa watu wenyewe hakushusha sauti wala kuipandisha. Mzee aliuliza kuhusu mto. Mimi niliuliza kuhusu kahawa, na safari hii nilisikiliza jibu. Kisha ikawa zamu ya James.

Aliinama kwenye kona ya ramani, kwenye ufunguo. "Hapa iko kosa," alisema. Nilitamani kumpiga teke chini ya meza. "Nukta nyeusi, umeandika nyumba. Duara wazi, umeandika nyumba. Alama mbili haziwezi kuwa na jina moja. Huo ndio mwanzo wa somo letu."

"Alama ni mbili kwa sababu mwenye macho ataona tofauti," Vestina alisema. "Jina ni moja kwa sababu zote ni nyumba."

James alisoma tena ule ufunguo, akipitisha kidole. Kisha akatoa kwenye mfuko wa shati ile karatasi yake ya ofisi, akaomba kifutio. Alifuta "kilima kitupu" kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka kidogo, akaivuta ramani ya Vestina karibu, na akaanza kunakili viduara, kimoja kimoja, akimuuliza kila kimoja ni cha nani, naye akimtajia. Ilichukua jioni nzima. Mukecuru hakuondoka kwenye kiti chake, na kila jina lilipotajwa alilirudia kwa midomo. Kwenye mpango wa somo, ambao tuliumaliza wiki iliyofuata bila ugomvi wowote wa maana, tuliweka sharti kwamba kila mwanafunzi atembee kilima kimoja, akichore, akihesabu, aulize kilifikaje hapo, na kabla ya kuandika neno "tupu" amuulize mtu wa pale. Hilo la mwisho halikutoka katika shule ya yeyote kati yetu. Vestina alikuwa wa kwanza kuhitimu.

Kilima hakikugawiwa wakati ule, na Mukecuru aliendelea kulala kwenye stoo ile mvua zote zilizobaki, na baadaye akapata chumba, na baadaye sana nyumba upande mwingine wa mji, ambako alifia. Sikuwahi kumsikia akikitaja tena kile kilima mbele ya mwanawe. James alilipia karatasi ile kwa kumtazama mama yake akikunja godoro, na sijui kama mimi ningeweza. Mzee naye alipopata uwezo wa kujenga alichagua Kagarama, mahali hapa hasa, akasema ni kwa sababu ya upepo, na hakuna aliyemwamini.

Basi wiki iliyopita, wageni walipoanza kuaga, na yule bwana wa miji mikuu alipokwisha kwenda zake, tulibaki sisi watatu barazani. Kilima kina paa nyingi siku hizi, mabati yanametameta. Wengine ni waliorudi, wengine ni wageni walionunua, na juu kabisa, karibu na mparachichi, iko paa moja ya vigae ambayo Vestina aliijenga kwa mshahara wake. Lakini vichaka vya migomba visivyo na nyumba bado vipo, ukijua pa kutazama. Tulikaa kimya, kwa muda ambao Mzee angeuita rozari moja. Halafu James, ambaye haoni hata uzio wa baraza, alielekeza uso ng'ambo ya bonde.

"Vestina," alisema, "unaona nini?"

Vestina akaanza chini, kando ya barabara, akapanda naye. Kwa Mama Furaha. Kwa Sitefano. Kwa wale walionunua juzi. Kwa mwalimu mwenye kinanda. Hakutuambia zipi zina paa na zipi hazina. James alinyoosha kidole, na kwa kila jina akagusa hewa mbele yake, nukta kwa nukta, mpaka wakafika juu.